Papa anakula kwa mizani, sisi je?



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa bara na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, wiki hii naomba niandike juu ya samaki. Najua wapo watakaosema kuwa Waislamu wana matatizo chungu nzima, huyu naye anatuletea habari za kitoweo. Nawaomba subira. Nina deni la kijana mmoja, na deni la elimu ni zito kuliko deni la fedha.

Ilikuwa baada ya darsa ya Alasiri, wiki chache kabla ya Ramadhani, katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Watu walipokwisha kutawanyika, kijana mmoja anayechuuza samaki soko la Feri alinisogelea. Akanipa salamu, akaketi, akainamisha kichwa.

"Ustadhi, nina swali. Niliona haya kuliuliza mbele ya watu."

Akanieleza kuwa asubuhi ile alishinda mnada wa papa jike mkubwa. Alipompasua tumbo alikuta watoto kumi na mmoja. Akawapanga mafungu, akawauza, wakaisha kabla ya adhuhuri. "Sasa ustadhi, ile pesa ni halali?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilimjibu kuwa ni halali. Nikamkumbusha Suratul Maidah aya ya 96, ambamo Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuhalalishia vinavyovuliwa baharini. Nikamtajia Hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, akajibiwa kuwa maji yake ni tohara na maiti yake ni halali. Nikamwongezea kuwa wapo wanachuoni waliosita juu ya papa kwa ajili ya chonge zake, lakini kauli ya wengi, nayo ndiyo waliyoishi nayo wazee wetu wa pwani, ni kuwa papa analiwa.

Kijana akashukuru. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Nilidhani utaniambia kitu kingine, ustadhi. Maana mmoja alikuwa bado anapapatika, na mkono wangu ulitetemeka."

Neno hilo halikuniacha nilale. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Nilimweleza hukumu ya nyama, sikumweleza hukumu ya bahari. Nimeulizia kwa wavuvi wazee, nimesoma walioandika wataalamu wa viumbe wa baharini, na leo naleta nusu iliyobaki.

KINYWA KINACHOSINGIZIWA

Sisi papa tunamjua sana, na hatumjui. Tunamjua kwenye sufuria ya nazi. Tunamjua akiwa mkavu mwenye chumvi, yule ambaye majahazi ya msimu wa kaskazi yalikuwa yakimleta kutoka Hadhramaut na Oman. Tunayajua mafuta ya ini lake, sifa, ambayo mafundi wa vyombo walipaka mbao zisiliwe na maji. Lakini namna anavyoishi, namna anavyotafuta riziki yake, hilo hatukujishughulisha nalo. Tuliridhika na hadithi moja tu: papa ni kinywa kisichoshiba.

Hadithi hiyo tuliipenda mpaka tukaitia katika siasa. Mwaka 2009 hapa nchini lilienea neno "fisadi papa", yaani yule anayekomba mabilioni ya umma. Wale wadogo wakaitwa dagaa. Nami niliwahi kulitumia neno hilo katika mawaidha yangu, watu wakacheka na kutikisa vichwa. Leo naona tulimdhulumu kiumbe wa Allah.

Hebu tutazame anavyokula. Aina za papa zinazojulikana duniani zinapita 500, na kila aina imewekewa sahani yake. Mkubwa kuliko wote, ambaye pia ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ni papa potwe. Huyu anaweza kupita urefu wa mita 12. Anayetaka kumwona asiende mbali: aende Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi. Jitu hilo lote linakula nini? Linakula uduvi, dagaa na vijidudu vinavyoelea majini. Anafungua kinywa, anavuta maji, anachuja, maji yanatoka, chakula kinabaki. Watu huogelea pembeni yake na wala hana habari nao. Subhanallah! Mwenye kinywa kikubwa kuliko wote ndiye aliyepewa riziki ya chembe ndogo kuliko zote.

Yuko papa mwenye kichwa mfano wa nyundo, anayepita juu ya mchanga akimtafuta taa aliyejifukia. Hamuoni kwa macho. Papa wamepewa vitundu vidogo puani na usoni vyenye kuhisi umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kiumbe hai. Mtaliano Stefano Lorenzini alivieleza vitundu hivyo mwaka 1678, lakini karne nyingi zikapita kabla ya wanadamu kujua kazi yake. Yuko papa mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Huyo huingia katika kundi la dagaa, akapiga mkia, wakazimia, ndipo akala. Yuko hata papa mdogo wa nyundo, katika bahari za Amerika, ambaye hula majani ya baharini pamoja na kaa, na mwaka 2018 watafiti walionesha kuwa tumbo lake kweli linayasaga majani hayo na kupata lishe.

Jambo jingine: papa wengi hawali kila saa. Akipata mlo mkubwa huweza kukaa siku kadhaa bila kuwinda. Akishiba huwapita samaki wengine kama hawaoni. Hana ghala, hana akaunti ya siri nje ya nchi. Nyangumi akifa, papa hukusanyika kumla, bahari ikasafika. Samaki mgonjwa au dhaifu, asiyeweza kukimbia, mara nyingi ndiye anayetangulia kuliwa, na kwa njia hiyo maradhi hupungua nafasi ya kuenea kundini.

Na sisi binadamu je, si chakula chake? Kwa wastani watu wanaokufa duniani kote kwa kuumwa na papa hawafiki 10 kwa mwaka. Sasa geuza hesabu upande wa pili. Mwaka 2013 wataalamu walikadiria kuwa binadamu wanaua papa wapatao milioni 100 kila mwaka. Hebu tujiulize kwa uadilifu: katika hawa wawili, ni yupi mwenye kinywa kisichoshiba?

KAZI ALIYOPEWA

Katika Suratul An'am aya ya 38, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Suratur Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, anatufahamisha kuwa ameiinua mbingu na ameweka mizani, nasi tusiivuruge. Tumezoea kuzisoma aya hizi tukamfikiria muuza sukari anayepunguza kilo. Ni kweli, naye yumo. Lakini mizani imetajwa pamoja na mbingu na ardhi. Ni kubwa kuliko duka.

Mfano wa kwanza uko Australia ya Magharibi, katika ghuba iitwayo Shark Bay. Pale pana mashamba makubwa ya majani ya baharini, na pana nguva na kasa wanaoyala. Watafiti waliokaa pale miaka mingi waliona jambo la ajabu. Papa aina ya chui wanapokuwa wengi, nguva na kasa huyaogopa maeneo ambayo ni rahisi kunaswa, wakala kwa kuhamahama bila kukaa mahali pamoja. Majani hupata nafasi ya kuota tena, na majani hayo ndiyo maficho ya samaki wadogo na kamba. Kwa hiyo papa hailindi bahari kwa meno peke yake. Anailinda pia kwa hofu. Kule kupita kwake tu, bila kumgusa mtu, kunazuia malisho yasimalizwe. Nasi tunajua katika dini yetu kuwa hofu ikikaa mahali pake ni rehema. Jamii isiyomuogopa yeyote, si Mola wala sheria, hula mpaka mzizi.

Mfano wa pili uko katika bara letu, Afrika ya Kusini, katika ghuba ya False Bay karibu na Cape Town. Ghuba hiyo ilikuwa mashuhuri kwa papa weupe wakubwa waliokuwa wakiruka juu ya maji kuwakamata sili. Miaka ya 2010 papa hao walianza kupungua, na kufikia mwaka 2018 walikuwa wametoweka. Wataalamu bado wanavutana juu ya sababu. Wapo wanaowataja nyangumi wauaji walioanza kuwashambulia papa na kula maini yao, na wapo wanaotaja nyavu na ndoana za binadamu. Lakini kilichofuata kilipimwa, na utafiti ukachapishwa mwaka 2025. Sili waliongezeka. Aina nyingine ya papa, mdogo kuliko yule mweupe, ilijitokeza kwa wingi mahali ambapo zamani ilikuwa nadra. Kisha samaki wanaoliwa na sili wakapungua, na papa wadogo wanaoliwa na yule mgeni nao wakapungua. Ameondoka mmoja juu, wametikisika wote chini. Hiyo ndiyo mizani.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa kamera zenye chambo katika miamba ya matumbawe 371 ya nchi 58. Karibu mwamba mmoja katika kila mitano haukuonekana papa hata mmoja. Zikatajwa nchi sita ambazo katika miamba yao iliyochunguzwa ilikuwa kana kwamba papa hawapo kabisa. Mojawapo ni jirani zetu Kenya. Na mwaka 2021 wataalamu wakaeleza kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mimi na wewe tumezaliwa na kukua ndani ya upungufu huo.

Hata hapa kwetu zipo dalili. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wetu walianza kumnasa silikanti, samaki wa kale sana aishiye vilindini, na baadaye wakawa wanamnasa mara kwa mara Tanga. Alinaswa na nini? Na jarife, nyavu za papa zilizotegwa maji ya kina kirefu. Mvuvi mzee aliniambia kwa lugha yake: "Zamani papa tulimkuta mlangoni. Siku hizi tunamfuata chumbani."

NUSU YA JIBU ILIYOBAKI

Tatizo ni nini, ilhali changu na dagaa nao wanavuliwa? Tatizo ni uzazi. Changu hutaga mayai kwa maelfu. Papa si hivyo. Huchelewa kupevuka, na aina nyingi hubeba mimba karibu mwaka mzima au zaidi, kisha huzaa watoto wachache. Papa mweupe jike hukadiriwa kufika umri wa miaka 30 na zaidi ndipo azae. Basi anayemvua papa kama anavyovua dagaa ni kama mtu anayekata mnazi ili apate dafu.

Yule jike wa Feri na wale watoto kumi na mmoja walikuwa mtaji wa miaka mingi ya bahari, ukaisha kabla ya adhuhuri kwa mafungu. Nyama yake ilikuwa halali, sibadilishi neno. Lakini nilipaswa kumwambia yule kijana kuwa halali ya kula si ruhusa ya kumaliza. Aliyetuambia tule na tunywe, katika Suratul A'raf aya ya 31, hapo hapo ametukataza israfu, na akatujulisha kuwa hawapendi wenye kufanya israfu. Aliyetuumbia bahari tupate humo nyama mbichi, Suratun Nahl aya ya 14, ndiye aliyetutahadharisha katika Suratur Rum aya ya 41 kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Tazama vizuri: neno ni ufisadi, mahali ni baharini, na mikono ni ya watu. Papa hana mikono.

Basi fisadi wa baharini ni nani? Naomba nieleweke. Sijamkusudia mvuvi maskini wa ngalawa anayetafuta ada ya shule ya wanawe. Huyo ni dagaa katika mlolongo huu. Mkubwa ni yule anayenunua mapezi peke yake kwa ajili ya supu ya matajiri huko Hong Kong na kwingineko. Biashara hiyo imewafanya baadhi ya mabaharia wamkate papa mapezi akiwa hai kisha wamtupe majini azame afe, kwa sababu nyama yake haina bei ya kujaza nafasi chombani. Ewe ndugu, katika dini ambayo Mtume wake (s.a.w.) ametuonya kuwa hata shomoro aliyeuawa bure atamshitaki muuaji wake mbele ya Mola wake, kitendo hiki kina jina gani? Mkubwa mwingine ni yule mwenye pesa anayempa kijana baruti akalipue matumbawe, kisha kijana akikatika mkono, mwenye baruti hajulikani alipo. Na wapo wenye meli kubwa za kigeni, wanaochukua kwa usiku mmoja ambacho kijiji hakipati kwa mwaka.

Mataifa yameanza kushituka. Mwaka 2013 papa wa nyundo wenye thamani kubwa waliingizwa katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa lazima iwe na kibali, na mwaka 2022 ikaongezwa jamaa kubwa ya papa wengine. Hayo ni mema. Lakini Muislamu hakuhitaji kungojea mkutano wa mataifa. Mtume (s.a.w.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram, akakataza kuwinda wanyama wake na kukata miti yake ndani ya mipaka aliyoiweka. Hifadhi si jambo la Wazungu, ni sunna tuliyoisahau mpaka wengine wakaja kutufundisha.

Na haikusahauliwa kila mahali. Pemba kuna kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji wanasimulia kuwa Nabii Khidhr aliswali juu yake kama juu ya msala. Kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, sheria za serikali peke yake hazikutosha. Miaka iliyofuata masheikh na wavuvi walikaa pamoja wakazisoma aya za Qur'an zinazozungumzia amana ya viumbe, na wapo wavuvi walioacha njia haramu kwa sababu hiyo. Askari wa doria hulala, lakini anayejua kuwa Allah anamuona hana usiku wa kujificha.

MAJIBU YA KIJANA

Nilikwenda Feri kumtafuta yule kijana. Nilimkuta akikwaruza magamba. Nikamwambia: "Mwanangu, siku ile nilikupa nusu ya jibu, nisamehe." Nikamweleza niliyoyaeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mtu mzima: "Ustadhi, nisiponunua mimi atanunua mwingine. Papa atakufa vile vile, na wanangu watalala njaa. Mimi nimeokoa nini?"

Sikuwa na jibu la mteremko. Nilimkumbusha Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) iliyomo katika Bukhari, juu ya watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walichoka kupanda juu kuteka maji, wakaona watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Nikamwambia: tundu hilo unalitoboa wewe, lakini aliyekukatalia maji kule juu ni mimi mnunuzi. Sisi wa mjini tunaotaka papa mchanga kwa bei ndogo, sisi masheikh tusioleta habari hizi mimbarini, na viongozi wanaomkamata mwenye ngalawa wakamwacha mwenye meli, sote tumo ndani ya jahazi hilo moja.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Basi nitaanza na hili: wenye mimba sitanadi. Nitanunua changu na jodari." Nikamuombea dua. Sijui atadumu kiasi gani, maana njaa haina subira, na sitamlaumu akiteleza. Lakini mimi pia nimeweka ahadi yangu. Nyumbani kwangu papa mchanga hataingia, wala wa futari. Na neno "fisadi papa" sitalitamka tena mimbarini.

Ndugu zangu katika imani, huwezi kuokoa bahari nzima. Unaweza kuuliza swali moja mbele ya meza ya samaki: huyu ni mtoto? Unaweza kumwambia imamu wako aifanye khutba moja ya mwaka kuwa ya bahari. Mwenye dau aingoje samaki ikue, na mwenye baruti aogope siku ambayo mikono itatoa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Suratu Hud aya ya 6 inatufundisha kuwa hakuna kiumbe ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Papa ameridhika na fungu lake tangu zama ambazo mwanadamu hajaumbwa. Anakula, anashiba, anaondoka, na bahari inabaki imejaa. Sisi tuliopewa akili, Kitabu na Mtume, tusikubali kuwa wa mwisho katika kuitunza mizani.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali iliyo njema, utukinge na israfu, na usitufanye sababu ya kuangamia umma wowote katika viumbe vyako. Amin.

Wabillahi tawfiq.